Shajara ya mradi: usajili wa kulipia kwa pesa za simu

Mradi huu unapima jambo moja: kama mtayarishaji wa maudhui anayejitegemea, aliyeko Dar es Salaam na anayefanya kazi kwa Kiswahili, anaweza kuendesha maisha kwa ada ndogo inayolipwa na wasomaji wake wenyewe. Watayarishaji ni watatu: mwalimu wa hisabati wa kidato cha nne, fundi cherehani wa Kariakoo anayeuza mikato (ramani za kukatia kitambaa) ya nguo za vitenge, na mchambuzi wa soka. Mfumo ni mmoja kwa wote: tovuti nyepesi, malipo kwa simu, ujumbe wa SMS. Kazi inafanyikia Kijitonyama. Kila kinachoamuliwa kinaandikwa hapa pamoja na sababu yake, ili anayetaka kujenga kitu kama hiki asianzie sifuri.

Februari

Swali la kwanza ni kwa nini kujenga wakati majukwaa ya kuuza usajili kwa wasomaji na mashabiki yapo. Patreon ipo tangu 2013, Substack tangu 2017. Substack hukata asilimia 10 ya ada. Patreon nayo hukata asilimia 10 kwa anayefungua ukurasa kuanzia Agosti 4, 2025. Makato hayo yanavumilika. Kikwazo kiko kwenye ncha mbili za pesa. Ncha ya kwanza ni mwandishi: Substack hupokea malipo kupitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi, na Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania, kwa hiyo hana pa kupokelea. Ncha ya pili ni msomaji, anayetakiwa awe na kadi inayoruhusiwa kununua mtandaoni. Wenye kadi za benki wapo, na kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia simu zipo, lakini fundi wa Manzese anayetaka mkato wa gauni hatahangaika na kadi kwa ajili ya shilingi 4,000. Ana M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, au Mixx by Yas ambayo wengi bado wanaiita Tigo Pesa. Pesa yake iko humo.

Kuna tofauti ya kiufundi inayobadilisha biashara nzima, na inafaa ieleweke kabla ya kuandika mstari wowote wa programu. Mwenye kadi hutoa namba zake mara moja, kisha jukwaa linajichotea ada kila mwezi. Mtu anabaki kwenye orodha mpaka akumbuke kujitoa, na wengi hawakumbuki. Kwenye simu kila muamala unadai namba ya siri. Hakuna anayelipa kwa kusahau. Usajili wa kadi unaendelea wenyewe usipouzuia. Wa simu unakatika wenyewe usipoulipia.

Kwa sababu hiyo hesabu za nje hazihamishiki hivi hivi. Substack imekuwa ikiwaambia waandishi wake watarajie asilimia 5 hadi 10 ya wasomaji wa bure wageuke kuwa walipaji, lakini makadirio hayo yamesimama juu ya kadi na juu ya orodha ya barua pepe. Wafuasi wa Instagram si orodha ya barua pepe. Na hata kwenye nchi zenye kadi kila mfuko, anayelipia ni mchache: ripoti ya Reuters Institute ya 2024 ilikuta kwamba katika nchi 20 zenye uwezo ni asilimia 17 tu ya watu waliokuwa wamelipia habari za mtandaoni ndani ya mwaka, Norwei ikiongoza kwa asilimia 40.

Tabia ya mteja wa hapa inafahamika kutokana na king'amuzi. Kifurushi kikiisha picha inakatika, na nyumba inaweza kukaa wiki mbili bila picha hadi pesa ipatikane au mechi ya Simba na Yanga ikaribie. Mwenye nyumba hajajitoa, anasubiri. Mfumo wetu wote umejengwa juu ya mtu huyo: aliyekatika si aliyeondoka. Akaunti yake haifutwi, historia yake haifutwi, na akirudi baada ya miezi miwili anakuta pale alipoishia.

Machi

Malipo. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni lipa namba: mteja anaingia mwenyewe kwenye menyu ya mtandao wake, anaweka namba ya biashara na kiasi. Ya pili ni pushi: mteja anaandika namba yake ya simu kwenye tovuti, mfumo unatuma ombi kupitia kampuni ya kati iliyounganishwa na mitandao yote, kisha skrini ya malipo inamtokea kwenye simu anaweka namba ya siri. Tumechukua pushi kama njia kuu na kuacha lipa namba kama njia ya akiba.

Pushi inashindikana kwa sababu zinazojulikana. Salio halitoshi. Mteja yuko kwenye simu, skrini haitokei. Muda wa kuweka namba ya siri umepita. Ana laini mbili na ameandika namba isiyo na akaunti ya pesa. Au ameandika namba kwa umbo ambalo mfumo haulitambui: 0754, +255754, 255754, au yenye nafasi katikati. Hilo la mwisho linatibika kwa mistari michache: ondoa kila kisicho tarakimu, kama inaanza na 0 na ina tarakimu 10 badilisha 0 kuwa 255, kisha hakikisha zimebaki tarakimu 12. Usimlaumu mteja kwa nafasi aliyoacha kati ya tarakimu.

Shida kubwa ni jibu linalochelewa. Kampuni ya kati huleta taarifa kwenye seva yetu kwamba muamala umefaulu au umeshindikana. Taarifa hiyo inaweza kuja baada ya sekunde tano, baada ya nusu saa, ikaja mara mbili, au isije. Kwa hiyo kila muamala una hali nne kwenye hifadhidata: umeanzishwa, umelipwa, umekataliwa, haujulikani. Ya nne ndiyo muhimu. Mfumo unaochukulia ukimya kuwa kukataliwa utamwambia mteja alipe tena, naye atakuwa amekatwa mara mbili kwa kitu kimoja. Mtu aliyekatwa mara mbili na mtu asiyemjua anaishia hapo, na atawaambia wenzake.

Utaratibu uliokubaliwa ni huu. Kitufe cha kulipa kikibonyezwa kinafungwa kwa dakika mbili. Kila ombi linapewa kumbukumbu namba yake, na hifadhidata inakataa kumbukumbu hiyo isiingie mara ya pili, ili taarifa ikija mara mbili siku zisiongezwe mara mbili. Dakika mbili zikipita bila jibu, mfumo wenyewe unaiuliza kampuni ya kati hali ya muamala kabla ya kuruhusu ombi jipya. Usiku saa sita orodha ya miamala ya kampuni inalinganishwa na daftari letu, mstari kwa mstari. Tofauti yoyote inatatuliwa asubuhi na mtu, si na programu.

Lipa namba ina matatizo yake: mteja anatuma kiasi anachotaka. Bei ni 4,000, anatuma 3,000. Kumrudishia ni kazi na makato. Uamuzi: kila shilingi inageuzwa kuwa siku. Bei ya wiki ni 1,200, kwa hiyo 3,000 ni wiki mbili (2,400), na 600 inayobaki ni siku tatu na nusu, tunaipandisha kuwa nne. Anapata siku 18 na SMS inayomweleza hivyo. Siku zote tunapandisha, hatushushi. Nusu siku haitufilisi, na malalamiko ya nusu siku yanakula saa nzima ya kujibu.

Aprili

Mlango. Watu wako WhatsApp, na watayarishaji wote watatu walikuwa tayari na makundi huko. Kundi la WhatsApp linabeba watu 1,024, lakini kuingiza na kutoa ni kazi ya mkono. Programu zisizo rasmi za kufanya hivyo zinafungiwa namba. Telegram ni rahisi zaidi kwa kazi hii: kundi linabeba hadi watu 200,000, boti (programu inayojiendesha humo ndani) inaweza kutengeneza kiungo cha mtu mmoja chenye tarehe ya mwisho, na inaweza kumtoa aliyeisha muda bila kumpiga marufuku asirudi. Tatizo ni kwamba mteja wa mikato ya nguo hana Telegram, na kumwambia apakue programu mpya kabla ya kulipa ni kuweka ngazi mlangoni.

Kwa hiyo maudhui yanakaa kwenye tovuti, WhatsApp inabaki mahali pa kutangaza na kujibu maswali, na mlango unafunguliwa kwa namba ya tarakimu sita inayotumwa kwa SMS. Hapo kuna mtego ambao lazima uwekewe nafasi tangu siku ya kwanza: anayelipa si lazima awe anayesoma. Mume analipia mke, mzazi analipia mwanafunzi, mtu analipa kwa laini ya Voda huku WhatsApp yake iko kwenye laini ya Airtel. Fomu ina sehemu mbili, namba ya kulipia na namba ya kusomea, na ya pili inajijaza yenyewe kwa namba ya kwanza mpaka mtu aibadilishe. Mfumo wenye sehemu moja tu unatuma ufunguo kwa baba aliyeko kazini Posta wakati mtoto yuko Mbagala anasubiri.

Kugawana akaunti hakuzuiliki kabisa. Kila akaunti inafunguka kwenye simu mbili; ya tatu ikiingia, ya kwanza inatoka. Kila ukurasa wa PDF una tarakimu nne za mwisho za namba ya mnunuzi pembeni, kwa rangi hafifu. Haimzuii mtu kusambaza, inamfanya afikiri kidogo. Zaidi ya hapo ni kupoteza nguvu.

Uzito wa mafaili ni sehemu ya bei, kwa sababu bando la mteja ni pesa yake. Somo la sauti la dakika 20 kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde linakula megabaiti 19 na kidogo. Sauti ya mtu anayeongea haihitaji hivyo. Kwa Opus, namna nyingine ya kubana sauti, ya kilobiti 24, chaneli moja, ni kilobaiti 180 kwa dakika, yaani megabaiti 3.6 kwa somo lile lile, na sauti inasikika vizuri kabisa. Opus ya ogg haifunguki kwenye kivinjari cha iPhone za zamani, kwa hiyo kunawekwa pia nakala ya AAC ya kilobiti 32, megabaiti 4.8. Video ya dakika 15 kwa megabiti 1 kwa sekunde ni zaidi ya megabaiti 112, na hiyo tumeikataa isipokuwa pale mkono wa fundi lazima uonekane, na hata hapo vipande havizidi dakika mbili.

Mei

Bei. Sehemu hii ndiyo inayoamua kama mradi unaishi, na inahitaji karatasi na kalamu.

Chukua makato ya asilimia 3 kwa kampuni ya kati na SMS moja kwa shilingi 25. Anayejenga aweke viwango vya mkataba wake. Kifurushi cha mwezi ni 4,000. Toa 120 ya makato, toa 100 ya SMS nne (risiti, ufunguo, kikumbusho, kikumbusho cha mwisho). Inabaki 3,780. Kifurushi cha wiki ni 1,200. SMS nne kwa wiki zingekula asilimia 8 ya pesa yote, kwa hiyo risiti na ufunguo vinaunganishwa na kikumbusho kinabaki kimoja: 1,200 toa 36 toa 50, inabaki 1,114. Mteja wa wiki akilipa mara nne kwa mwezi anatoa 4,456, zaidi ya yule wa mwezi. Akiruka wiki moja anatoa 3,342, na yuko chini. Karibu kila mteja wa wiki ataruka wiki moja, kwa sababu mwezi una wiki yake ya njaa.

Sasa tuseme mtayarishaji anataka 600,000 kwa mwezi. Kwa kifurushi cha mwezi anahitaji walipaji 159. Tuseme pia theluthi moja ya walioisha muda hawarudi kwa wakati. Kila mwezi anatakiwa kutafuta walipaji wapya 53 ili tu abaki pale alipo. Hapo mtu anaacha kuandaa maudhui na kuwa mpiga debe.

Linganisha na miezi mitatu kwa 10,000. Toa 300 ya makato na 100 ya SMS, inabaki 9,600, sawa na 3,200 kwa mwezi. Anahitaji walipaji 188, wengi zaidi. Lakini kila mwezi wanaoisha muda ni theluthi tu ya hao, kama 63, na theluthi yao wakipotea ni watu 21 wa kutafuta. Ishirini na moja badala ya hamsini na tatu, kwa pesa ile ile. Punguzo tunalotoa kwa miezi mitatu linanunua kitu chenye thamani kubwa kuliko 2,000: linapunguza mara ambazo mtu anaombwa aamue upya.

Kwa sababu hiyo ukurasa wa bei unaanza na miezi mitatu, mwezi unafuata, wiki iko chini kabisa kama njia ya kuonja. Kifurushi cha siku hakipo. Bando la intaneti la siku lina maana kwa sababu matumizi yake yanaisha siku hiyo. Mkato wa gauni ukishaonekana umeonekana, na mwenye siku moja atapiga picha kila kitu na kuondoka.

Suala la tarehe linaonekana dogo na si dogo. Kifurushi cha siku 30 kinatembea nyuma kwenye kalenda. Aliyelipa Julai 28, mshahara ukiwa mfukoni, anaisha Agosti 27, kisha Septemba 26, Oktoba 26, Novemba 25, Desemba 25, Januari 24. Miezi sita tu na kikumbusho kinamkuta kabla ya mshahara, siku ambayo hata nauli ya mwendokasi anaihesabu. Mwezi wetu ni mwezi wa kalenda: aliyelipa tarehe 28 anaisha tarehe 28. Juu yake kuna siku tatu za ihsani ambazo mlango haufungwi, na akilipa ndani ya hizo tatu hesabu inaanza kwenye tarehe ya zamani, isije ihsani ikageuka punguzo la kudumu.

Juni

SMS. Ujumbe mmoja una herufi 160 kama herufi zote ni za kawaida. Ikiingia hata moja isiyo ya kawaida, nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe uliokuwa mmoja unaweza kulipiwa kama mitatu. Kwa Kiswahili adui ni ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng'. Simu na kompyuta nyingi huigeuza zenyewe kuwa ile iliyopinda, na hiyo haimo kwenye seti ya kawaida. Neno king'amuzi likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka halina shida. Likiandikwa kwa iliyopinda linapandisha gharama ya ujumbe wote. Emoji inafanya vivyo hivyo. Programu yetu inabadilisha ritifaa zote ziwe zilizonyooka kabla ya kutuma na inakataa ujumbe wenye herufi ngeni.

La pili ni kuaminika. Kila mwenye simu Tanzania ameshapata ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kikumbusho cha malipo chenye namba ya kutumia pesa kinafanana nao, na mtu mwenye akili timamu atakifuta. Kanuni yetu haina msamaha: hakuna SMS inayobeba namba ya kulipia, hakuna inayobeba kiungo kilichofupishwa. Ujumbe unaotumika kwa fundi ni huu:

"Habari. Muda wako wa mikato ya vitenge unaisha Ijumaa. Mkato mpya: sketi ya pande 6. Fungua tovuti yetu ulipie kama kawaida. Hatutumi namba ya kulipia kwa SMS."

Herufi 159. Unataja kitu kinachomsubiri, si deni analodaiwa. Unatumwa siku mbili kabla, saa moja jioni, watu wakiwa wametulia. Wa mwisho unaenda siku ya pili ya ihsani. Baada ya hapo kimya, mpaka kuwe na kitu kipya kweli.

Julai

Sheria, kwa ufupi, maana anayeuza lazima azijue.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Wakati huo ilikuwa 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya kuanzia na 1,000,000 ya kila mwaka. Kanuni na ada zimebadilishwa baada ya hapo, na zinatofautiana kwa aina ya maudhui, kwa hiyo aina inathibitishwa TCRA kwanza na ada inaingizwa kwenye hesabu ya bei kama gharama ya mwaka. Kwa mtayarishaji mdogo, leseni inaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko seva na SMS pamoja, na ndiyo sababu nzuri ya watatu kukaa chini ya paa moja.

Paa moja lina kodi yake. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo anayolipwa mtayarishaji wa maudhui ya kidijitali. Mradi unakusanya kisha unawagawia, kwa hiyo ni mradi unaozuia, unapeleka TRA na kumpa mtayarishaji cheti chake. Hesabu za Mei zirudiwe kwa hiyo asilimia: anayetaka 600,000 mkononi anatakiwa agawiwe karibu 631,600 kabla ya zuio.

Namba za simu za wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za namna hiyo anajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Orodha ya wateja haigawiwi mtayarishaji kwenye faili la Excel. Anaona idadi na tarakimu nne za mwisho, zinamtosha.

Agosti

Maudhui matatu yameshakaa kwenye mfumo mmoja, na tofauti zao zinaonekana wazi.

Mikato ya vitenge inafaa kwa usajili kuliko vyote. Mnunuzi ni fundi mwenye wateja wake. Mkato mmoja akiushona mara moja ameshapata ada ya miezi mitatu. Mitindo inabadilika, kuna harusi, kitchen party na sare za vikoba mwaka mzima, kwa hiyo kila mwezi kuna sababu ya kuwepo. Anachopata ni mkato wa ukubwa wa kweli kwenye kurasa za A4 za kuunganisha, orodha ya vipimo kwa inchi, na kiasi cha kitambaa, kwa mfano yadi 4 za kitenge chenye upana wa inchi 45.

Kinachoharibika ni uchapishaji. Kijana wa stesheneri anabonyeza chapa, na mashine inabana ukurasa uenee kwenye karatasi. Ikibana hadi asilimia 97, kifua cha inchi 38 kinapungua zaidi ya inchi moja, na gauni halifungi zipu. Fundi anaona mkato ni mbovu, hajui kuwa tatizo ni mashine. Ukurasa wa kwanza wa kila mkato una mraba wa sentimita 10 kwa 10 na maelekezo: pima mraba huu kabla hujakata kitambaa, ukikuta 9.7, rudi ukachapishe kwa asilimia 100. Mraba huo umefanya kazi kuliko kurasa nzima za msaada.

Hisabati ni jambo tofauti. Sekondari inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na thamani ya mwalimu huyu ni kwamba maelezo anayatoa kwa Kiswahili huku swali likibaki kwa Kiingereza kama litakavyokuja. Mahitaji ni makali, lakini yana ukuta: mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na siku ya pili yake hakuna anayehitaji. Kuuza "kwa mwezi" kitu chenye mwisho unaojulikana ni kumsumbua mzazi mara nyingi bila sababu. Kwa hiyo kimegeuzwa kuwa malipo ya mara moja, "hadi mtihani", na bei inashuka kadiri Novemba inavyokaribia: 24,000 Machi, 15,000 Juni, 8,000 Septemba. Mwanafunzi wa bweni hana simu, huyo si mteja. Mteja bora ni mtahiniwa wa kujitegemea, mtu mzima anayerudia mtihani huku anafanya kazi. Anajilipia mwenyewe, anasikiliza kwenye daladala, na anajua kwa nini analipa.

Soka halikubali. Uchambuzi ni mzuri, pengine bora kuliko mwingi unaosikika, lakini umekaa jirani na redio zinazochambua kila asubuhi bila malipo na vipande vya video vinavyozunguka bure. Mtu anapenda, anasifia, anashiriki kwa wenzake, halipi. Anayelipa haraka kwenye soka ni anayetafuta utabiri wa mikeka, na hicho hatuuzi. Atakayelipa atapoteza pesa zake na bado tutakuwa tumekula ada yake.

Septemba

Soka limetolewa kwenye usajili. Linabaki bure, nafasi moja ya mdhamini kwa kipindi, mdhamini anatajwa mwanzoni na mwishoni. Mdhamini wa kubeti haingii. Waliokuwa wamelipa wamerudishiwa kiasi cha siku zilizobaki, na makato ya kutuma yamebebwa na mradi.

Kimeongezwa kipengele cha kusimamisha muda mtandao ukianguka. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizokaa na intaneti ya kusuasua. Sasa seva ikikosa kufikika kwa zaidi ya saa sita ndani ya siku moja, kila akaunti hai inaongezewa siku moja bila mtu kuomba, na SMS inaenda pale tu muda wa mtu ulikuwa unaisha ndani ya siku mbili. Njia hiyo hiyo inatumika mtandao mmoja wa pesa ukilala mwisho wa mwezi: aliyejaribu kulipa akashindwa kwa sababu ya mtandao anaachiwa mlango wazi kwa saa 48, kwa kuwa jaribio lake limo kwenye daftari.

Kazi iliyopo mezani ni orodha ya waliokatika upande wa mikato. Inagawanywa kwa kitu kimoja: mara ya mwisho mtu alifungua nini. Aliyefungua mikato ya watoto anaandikiwa kunapotoka mkato wa mtoto, aliyefungua suruali za kiume anaandikiwa za kiume. Aliyelipa na hakuwahi kufungua chochote hapelekewi tangazo. Anapigiwa simu, kwa sababu mara nyingi ufunguo ulienda kwenye namba ya kulipia wakati msomaji ni mwingine. Huyo muda wake unaanza kuhesabiwa upya siku anapofungua mkato wa kwanza, hata kama alilipa miezi miwili iliyopita.